Kete 20 za bao zaweza kukuchagulia nyumba

Wazee wetu walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hii hutolewa kumkanya mtu anayechagua kupita kiasi, kama kijana anayemkataa mchumba huyu kwa urefu na yule kwa ufupi, mwisho akaangukia pabaya. Lakini simama siku moja pale Kongowea karibu na wauza nazi, utazame. Mama anayejua kuwa anataka nazi ya kupikia wali hutikisa mbili tatu sikioni, akasikia maji yanacheza ndani, akalipa akaenda zake. Anayerudi nyumbani na koroma ni yule anayezigeuza nazi zote huku hajui anatafuta nini.

Leo nataka kueleza njia nyepesi ya kujua unatafuta nini kabla hujatia mkono tengani. Yaitwa jedwali la uamuzi. Wahandisi hulitumia kuchagua mitambo, na ofisi hulitumia kuamua nani apewe zabuni. Sisi wengine twaweza kulitumia kuchagua nyumba ya kupanga, shule ya mtoto, ama kuamua kati ya kununua pikipiki na tuktuk. Halihitaji kompyuta. Karatasi moja na kalamu zatosha, na kama nyumbani kuna kete za bao, kazi itakuwa rahisi zaidi.

Jedwali lenyewe ni nini

Jedwali la uamuzi lina sehemu nne. Ya kwanza ni vitu unavyochagua kati yake, tuseme nyumba tatu. Ya pili ni mambo unayoyajali katika vitu hivyo, kama kodi, maji na safari. Ya tatu ni uzani, yaani kila jambo lina uzito gani kwako ukilinganisha na mengine. Ya nne ni alama ambazo kila nyumba imepata katika kila jambo. Ukishakuwa na hayo, unazidisha alama kwa uzani, unajumlisha, na kila nyumba inapata jumla yake.

Fikra hii ni ya zamani. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi aliyekuwa akiishi Leeds, Uingereza, aliahidiwa kazi kwa bwana mkubwa mmoja, Lord Shelburne. Hakujua akubali ama akatae, akamwandikia rafiki yake Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa London wakati huo. Franklin hakumwambia achague nini. Alimjibu kwamba habari alizonazo hazimtoshi kumshauri hivyo, ila aweza kumweleza achague vipi: aigawe karatasi kwa mstari, upande mmoja aandike sababu za kukubali na upande wa pili sababu za kukataa. Asifanye kwa pupa, achukue siku tatu ama nne, kila sababu imjiapo aiandike. Kisha azipime. Sababu mbili zikilingana uzito, moja huku na moja kule, azifute zote mbili. Moja ikiwa na uzito wa mbili za upande wa pili, azifute tatu. Zitakazobaki zitamwonyesha mizani imelalia wapi.

Priestley aliikubali kazi ile, na mwaka 1774, akiwa katika nyumba ya Shelburne, alifanya jaribio lililomfikisha kwenye hewa ambayo leo twaiita oksijeni. Sisemi karatasi ndiyo iliyomletea oksijeni. Nasema kwamba rafiki mwenye busara, alipoulizwa nini, alijibu vipi.

Karatasi ya Franklin yafaa pale palipo na ndiyo ama la. Panapokuwa na vitu vitatu au vinne na mambo mengi ya kuyaangalia, ndipo jedwali linapohitajika. Nitalieleza kwa kisa chetu wenyewe, kwa sababu hesabu bila nyumba ya kuishi ndani yake ni namba tu.

Nyumba nne, vichwa vitatu

Mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga alitujulisha kuwa anaiuza, akatupa miezi miwili. Tuko mimi, mke wangu, mtoto wetu ambaye hajaanza shule, na mamangu. Mama ana sukari na magoti yake hayamsaidii tena. Kila mwezi huenda kliniki katika hospitali kuu ya Makadara. Mimi na mke wangu sote twafanya kazi kisiwani.

Tulipata nyumba nne za kufikiria: moja Mji wa Kale, moja Majengo, moja Mtopanga na moja Likoni. Kila jioni baada ya chakula maneno yalikuwa yale yale. Mke wangu akitaja safari ya kazini, mama akitaja dada zake walioko Likoni, mimi nikitaja pesa. Kila mmoja alikuwa na haki, na hapana aliyemsikia mwenziwe. Siku zilikuwa zikienda, na nyumba nzuri haingoji.

Hatua ya kwanza: masharti

Kabla ya kupima chochote, ondoa yale yasiyopimika. Sharti ni jambo ambalo likikosekana, hakuna uzuri mwengine utakaolifidia. Sisi tuliweka mawili: nyumba isiwe na ngazi za kumshinda mama, na gharama za mwezi zisipite shilingi 18,000.

Nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa na upepo na dirisha la kutazama bahari, na ilikuwa karibu na kila kitu. Lakini ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zake ni zile za kizamani, nyembamba na za wima. Iliondoka hapo hapo. Lau tungeiingiza katika jedwali, uzuri wake ungeipa alama nyingi hata ikashinda, nasi tungemfungia mama juu kama kasuku. Hii ndiyo maana masharti hutangulia.

Jihadhari lakini usigeuze kila unachokipenda kuwa sharti. Ukiwa na masharti kumi, utabaki bila nyumba. Jiulize: likikosekana hili, je, siwezi kabisa kuishi pale? Kama jawabu ni “naweza, ila nitataabika”, hilo si sharti, ni jambo la kupimwa.

Hatua ya pili: mambo ya kupima

Tuliandika kila lililotajwa katika zile jioni za mabishano, kisha tukapunguza hadi sita: hospitali ya mama, maji, gharama, safari ya kazini, jamaa na majirani, na nafasi pamoja na upepo. Sita yatosha. Yakizidi manane hivi, madogo hujazana yakayazima makubwa.

Hapa kuna mtego mmoja: usihesabu jambo moja mara mbili. Maji kwa sisi wa Mombasa ni gharama na pia ni usumbufu. Penye mfereji mkavu utanunua mitungi ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, na mwisho wa mwezi pesa hizo ni kama kodi ya pili. Ukiandika gharama hiyo chini ya kodi, kisha ukaipunguzia nyumba alama za maji kwa sababu hiyo hiyo, umeiadhibu mara mbili. Sisi tuliweka pesa zote pamoja, kodi, maji, taka na mlinzi, tukaziita gharama. Chini ya maji tukapima mambo mawili tu: ni masafi kiasi gani, na hupatikana siku ngapi katika wiki.

Hatua ya tatu: uzani, na hapa ndipo kete zinapoingia

Watu wengi hukosana hapa kwa sababu ukimuuliza mtu ni lipi muhimu, atakwambia yote ni muhimu. Ndiyo sababu ya kutumia kete. Mpe kila mtu kete 20 za bao, mwambie azigawe juu ya karatasi kati ya mambo sita. Akiongeza moja kwenye maji, lazima aitoe mahali pengine. Hapo hawezi kusema yote ni muhimu, maana kete zina mwisho. Kama nyumbani hakuna bao, punje za kunde ama mahindi zitafanya kazi ile ile.

Mambo mawili yazingatiwe. Kila mtu agawe peke yake bila kutazama za mwenziwe, ama mdogo atamwiga mkubwa. Na kete zigawiwe kabla ya kutoa alama za nyumba. Mtu akishajua nyumba aipendayo iko dhaifu wapi, mkono wake utapunguza kete za pale bila yeye mwenyewe kujua.

Mimi na mke wangu, tulipofunua, kete zetu zilikaribiana sana, tukakubaliana hesabu moja: hospitali 5, maji 5, gharama 4, safari 3, jamaa 2, nafasi na upepo 1. Za mama nitazieleza baadaye, maana ndizo zilizobadilisha mambo.

Hatua ya nne: alama

Alama tulitoa kuanzia 1, mbaya, hadi 5, nzuri. Kabla ya kutoa, tuliandika kila alama ina maana gani. Kwa gharama za mwezi: hadi shilingi 10,000 ni alama 5, hadi 12,000 ni 4, hadi 14,000 ni 3, hadi 16,000 ni 2, na hadi 18,000 ni 1. Usipofanya hivyo utatoa alama kwa moyo, na moyo una nyumba yake tayari.

Alama zitoke kwenye ushahidi. Kuhusu maji, dalali atakwambia yapo. Muulize jirani anayeanua nguo, ama mwenye duka la kona, atakwambia yaja siku gani. Kuhusu safari, usiipime Jumapili mchana. Nenda Jumatatu saa kumi na mbili unusu asubuhi, kutoka mlango wa nyumba hiyo hadi mlango wa kazini, ukiwa na saa mkononi. Kwenye feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi nauli, lakini foleni ni malipo ya aina nyengine.

Baada ya kuzunguka, alama zetu zilikuwa hivi:

Hospitali: Majengo 5, Mtopanga 3, Likoni 2.
Maji: Majengo 3, Mtopanga 4, Likoni 2.
Gharama: Majengo 2, Mtopanga 3, Likoni 5.
Safari: Majengo 5, Mtopanga 3, Likoni 2.
Jamaa na majirani: Majengo 3, Mtopanga 2, Likoni 5.
Nafasi na upepo: Majengo 2, Mtopanga 5, Likoni 4.

Sasa zijumlishe hivyo hivyo bila uzani. Majengo yapata 20. Mtopanga yapata 20. Likoni pia yapata 20. Hapo utaelewa kwa nini tulibishana jioni nyingi bila kufika. Kila nyumba ilikuwa na sifa zake na kasoro zake kwa kiasi kile kile, na kila msemaji alikuwa na ushahidi wa kumtosha. Nyumba hazikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa katika uzani, na uzani hakuna aliyekuwa ameutaja.

Hatua ya tano: hesabu

Zidisha kila alama kwa kete za jambo lake. Kwa kuwa kete ni 20 na alama ya juu ni 5, nyumba isiyo na kasoro ingepata 100. Kwa kete zetu sisi wawili, Majengo ilipata hospitali 25, maji 15, gharama 8, safari 15, jamaa 6, nafasi 2, jumla 71. Mtopanga ilipata 15, 20, 12, 9, 4 na 5, jumla 65. Likoni ilipata 10, 10, 20, 6, 10 na 4, jumla 60.

Kwa hesabu hiyo, Majengo imeshinda na Likoni imeshika mkia. Mtu angeweza kufunga daftari hapo, akampigia dalali simu.

Kete za mama

Mama alikuwa amezigawa zake taratibu, moja moja, kama achezaye bao kweli. Hospitali aliweka 2. Maji 4, gharama 3, safari 1, nafasi na upepo 2. Zilizobaki, kete 8, alizimimina zote kwenye jamaa na majirani.

Mke wangu alimuuliza kwa upole, “Mama, mbona hospitali umeiwekea mbili, na ndiyo dawa yako?”

Mama akasema, “Mwanangu, hospitali naenda mara moja kwa mwezi. Nyinyi mwatoka asubuhi mwarudi magharibi. Kutwa nzima nakaa na nani?”

Hapana hata mmoja kati yetu aliyekuwa na jawabu. Kliniki ni siku 12 kwa mwaka. Siku nyengine zote ni za kukaa kibarazani, na kibaraza bila mtu wa kuzungumza naye ni kifungo. Sisi tulikuwa tumempima mama kwa ugonjwa wake, naye alijipima kwa siku zake. Katika mabishano ya jioni alikuwa akisema “dada zangu wako Likoni”, nasi tukisikia ni matamanio ya mtu mzima kurudi kwao. Kete 8 kati ya 20 hazisikiki hivyo.

Kwa kete za mama, Likoni ilipata 77, Majengo 61 na Mtopanga 60. Yaani iliyokuwa mkia kwetu ndiyo iliyoongoza kwake, tena kwa mbali.

Jedwali linapokwama

Sasa twafanyaje? Ukihesabu kwa vichwa, sisi wawili na mama mmoja, Majengo yapata wastani wa 67.7 na Likoni 65.7. Ukihesabu kwa pande, yaani sisi upande mmoja na mama upande wa pili, Likoni yapata 68.5 na Majengo 66. Ukibadili namna ya kuhesabu, mshindi abadilika. Tofauti ya alama mbili tatu katika mia si ushindi. Alama zenyewe tulizitoa kwa kukadiria, na mtu akibadili moja tu kutoka 3 kwenda 4, mambo yamegeuka.

Hapa ndipo watu wengine hulitupa jedwali na kusema halina maana. Kwa kweli limeshafanya kazi yake kubwa: limeonyesha kuwa Mtopanga haiko tena katika mashindano, na kuwa swali lililobaki ni moja tu, jamaa wa mama dhidi ya hospitali na safari. Hilo ni swali la watu kulizungumza, na sasa laweza kuzungumzwa kwa utulivu kwa sababu liko wazi mezani.

Mhandisi mmoja wa Uingereza wa karne iliyopita, Stuart Pugh, ambaye jina lake limekwama kwenye aina mojawapo ya majedwali haya, aliwafundisha wabunifu wasikimbilie kumtangaza mshindi. Watazame kila kitu kimeanguka wapi, kisha waulize: kasoro hii yaweza kurekebishwa? Kitu kilichoshindwa kwa sababu ya kasoro moja inayorekebishika chaweza kuwa bora kuliko mshindi.

Tukafanya hivyo. Kasoro kubwa za Likoni zilikuwa tatu: maji, safari na hospitali. Maji ya kisima chake yana chumvi, na hilo hatungeweza kulibadili. Safari pia haibadiliki, feri ni feri. Lakini hospitali? Tuliuliza kama kliniki ya sukari lazima iwe ng'ambo. Tukaelezwa kuwa mama aweza kuhudhuria kliniki iliyo karibu upande huo huo wa Likoni kwa vipimo na dawa za kila mwezi, na avuke tu anapohitaji daktari bingwa. Alama ya hospitali ikapanda kutoka 2 hadi 4.

Upande wa Majengo nako tuliuliza: alama 3 ya jamaa yaweza kupanda? Dada zake mama wangeweza kumtembelea, lakini nao ni wazee na kuvuka feri ni shughuli. Ikabaki 3.

Hesabu mpya: kwa kete zetu Likoni ikafika 70, alama moja tu chini ya Majengo yenye 71. Kwa kete za mama ikafika 81 dhidi ya 61. Hesabu kwa vichwa ama kwa pande, Likoni ilikuwa mbele, na si kwa alama mbili. Tukahamia Likoni.

Sisemi haina taabu. Alama ya safari ingali 2, na mwenye kuilipa ni mimi na mke wangu, tunaoamka kabla ya adhana ya alfajiri ili tuwahi feri. Lakini twajua tunalipia nini. Mtu aliyechagua kwa macho wazi hanung'uniki sana foleni inapokuwa ndefu, kwa sababu foleni hiyo aliiandika mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kuhama.

Mambo ya kujihadhari nayo

La kwanza ni wizi wa mizani. Utajikuta unataka kurudi nyuma uongeze kete hapa, upunguze alama pale, ili nyumba uipendayo ishinde. Usijilaumu, lakini jiulize kwa nini mkono wataka kuiba. Huenda kuna jambo unalolijali ambalo hukuliandika kabisa. Liandike waziwazi, lipe kete zake, uhesabu tena mbele ya wenzako.

La pili, mpe kete kila atakayeishi na uamuzi huo. Mtu asiyejua kusoma aweza kugawa kete. Mtoto mkubwa pia aweza. Na wale watakaotoa maoni kisha wasilale katika nyumba hiyo, wasikilizwe kwa heshima bila kupewa kete.

La tatu, usilitumie kwa kila kitu. Kuchagua samaki wa chakula cha mchana hakuhitaji jedwali. Tumia pale ambapo kubadilisha baadaye ni ghali, na pale ambapo watu wawili wenye akili wamebishana zaidi ya mara tatu bila kusogea.

Na istikhara je?

Najua kuna msomaji atakayeuliza: sisi tuna istikhara, hizi kete za nini? Nami najibu kuwa hazigombani. Mafundisho yetu yanakokoteza istishara, kutaka ushauri kwa watu, pamoja na istikhara, kumwomba Mungu akuelekeze kwenye kheri. Anayeomba kuelekezwa atakuwa kwanza ameutazama mbele yake uamuzi wenyewe. Jedwali ni namna ya kupanga istishara, kila mwenye haki akasema neno lake na likaandikwa. Kisha unasali rakaa mbili, unaomba, unaendelea na jambo lako, na moyo ukiwa mtulivu. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Kwa wenye watoto wanaomaliza gredi ya tisa, ambao wanatakiwa kuchagua mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo, naona hapa pana kazi kubwa ya kete. Mpe mtoto 20, nawe mzazi uchukue 20. Gaweni kila mtu peke yake: anachokipenda, anachokiweza, karo, umbali wa shule, kazi baadaye. Kisha funueni pamoja. Zikilingana, alhamdulillahi. Zisipolingana, msianze kwa kubishania shule. Tazameni ni jambo gani mtoto ameliwekea kete nyingi nawe umeliwekea moja, kisha umuulize kwa nini, na unyamaze umsikilize.